Kujitoa na Kutolewa: Somo la Vikundi Kuhusu Mashujaa



Somo letu safari hii linahusu ushujaa, uaminifu na kujitoa kwa ajili ya wengine. Tutapita katika hadithi za wazee wetu, katika kitabu kimoja, katika filamu moja na katika historia. Mwisho tutarudi nyumbani, kwenye kikundi chako.

Lakini kwanza tuwaambie kwa nini tumelichagua somo hili. Ni kwa sababu sisi wenyewe tulikosea.

Wakati mmoja tulifanya semina ya siku 3 katika kijiji fulani. Watu walikuja wengi. Mjane mmoja, mwanakikundi, alipika siku zote 3: uji asubuhi, ugali na omena mchana. Siku ya kufunga tulimwita mbele. Tukamsifu, tukamwita mama shujaa, watu wakapiga makofi na vigelegele. Jioni, tukiwa tunafunga vitu vyetu, alimjia mmoja wetu pole pole akasema: "Mwalimu, asante kwa makofi. Lakini msiniite shujaa. Nilichaguliwa siku ambayo sikuwa mkutanoni. Kuni mlizochoma ni zangu. Na palizi yangu imelala siku 3."

Hatukuwa na la kujibu. Tuliondoka tukiwa kimya. Njiani tulianza kuulizana: Kumbe tunaposema "fulani amejitolea", tuna hakika amejitoa mwenyewe? Au sisi ndio tumemtoa?

Hilo ndilo somo la leo.

NAMNA YA KUTUMIA SOMO HILI

Somo hili linafaa mikutano miwili, si mmoja. Mkutano wa kwanza mnaweza kuishia kwenye kisa cha wapagazi. Kiongozi asiwe mhubiri. Asome sehemu moja kwa sauti, kisha awaachie watu waongee. Kama wapo wasiojua kusoma, kisa cha yule mjane kinaweza kuigizwa: mmoja awe mjane, mmoja mwenyekiti, wengine wawe wageni wa semina. Baada ya igizo waulizeni watazamaji: Mmeona nini? Kwa nini inatokea? Je, inatokea hapa kwetu?

Katika kila hadithi tutauliza maswali matatu. Wekeni akilini, maana tutayarudia:

1. Ni nani anayetoa, na ni nini kinachotolewa?
2. Je, aliulizwa? Na angeweza kusema hapana?
3. Mambo yakiisha, nani anabaki na faida na nani anabaki na mzigo?

MASHUJAA WA MAAJABU

Ukiuliza mtoto wa huku kwetu amtaje shujaa, hatakawia. Atasema Gor Mahia wuod Ogada, mtu wa Kanyamwa, aliyesifika kwa maajabu yake na kwa uwezo wa kujigeuza maadui wasimtambue. Sifa hiyo ilienea hata klabu ya mpira iliyoanzishwa mwaka 1968 ikachukua jina lake, na mpaka leo mashabiki wanaifuata jua kali na mvua, ikishinda na ikishindwa.

Mwingine atamtaja Luanda Magere wa Kano. Wazee wanasimulia kwamba mwili wake ulikuwa mgumu kama jiwe. Mkuki ulimgonga ukaanguka. Lang'o, yaani majirani wa upande wa Nandi, walishindwa naye kabisa. Basi wakatafuta njia nyingine. Wakamchagua msichana mzuri kati ya binti zao, wakampeleka kwa Magere aolewe kama ishara ya amani. Magere akamwoa, ingawa wazee wake walimwonya. Siku moja akaugua, akamwomba mke huyo amchanje ili amtie dawa. Wembe ukakataa kuingia mwilini. Magere akamwambia achanje kivuli. Alipochanja, damu ikatoka. Usiku ule yule mke akakimbia kwao na siri. Katika vita vilivyofuata mkuki ukarushwa kwenye kivuli, na Magere akaanguka akawa jiwe. Jiwe hilo linaonyeshwa hadi leo upande wa Mto Nyando. Okoiti Omtatah aliitungia hadithi hii tamthilia iliyochapwa mwaka 1991.

Kwa kawaida tunajifunza mambo mawili hapa. Kwanza, kwamba nguvu ya jamii isiwekwe kwa mtu mmoja, kwa sababu akianguka yeye wote wameanguka. Vikundi vingi vimekufa kwa sababu hiyo hiyo: mwenyekiti ndiye alijua kila kitu, alipohama kikundi kikawa jiwe. Pili, tunajifunza kutunza siri.

Lakini tuulize yale maswali matatu kuhusu yule msichana. Sisi Wajaluo tunamwita msaliti. Kwa watu wake alikuwa mwaminifu kuliko wote. Basi ni nani aliyemtoa? Wazee wa kwao. Alitolewa aende kulala katika nyumba ya adui, peke yake, na kama angegunduliwa angekufa peke yake. Hadithi haituambii kama aliulizwa. Wala haituambii alipewa nini aliporudi. Wanaume walirudi na ushindi, na jina lililobaki ni la Magere.

Wakati mwingine, katika hadithi ya shujaa, kuna mtu mwingine aliyelipa gharama na hatukumwona. Tujifunze kumtafuta.

MVUA ILINYESHA

Sasa tuje kwenye kitabu. Grace Ogot alizaliwa mwaka 1930 upande wa Asembo. Alisomea uuguzi, akawa mwandishi, baadaye akawa mbunge wa Gem. Alifariki mwaka 2015. Katika kitabu chake cha hadithi fupi cha mwaka 1968, ambacho jina lake lina maana ya nchi isiyo na radi, mna hadithi ya mvua ambayo bibi zetu walikuwa wakiisimulia jioni.

Nchi imekauka. Ng'ombe wanakufa, watoto wanakufa. Mganga anasema ameoteshwa: ili mvua inyeshe, binti wa mtawala, Oganda, lazima aende ziwani akaliwe na dubwana la majini. Baba yake, Labong'o, anampenda sana, ni binti yake wa pekee. Lakini yeye ni kiongozi. Akimficha binti yake, watu watasema amejali nyumba yake kuliko nchi. Mama yake analia. Watu wa kijiji wanasherehekea, wanapika, wanamletea zawadi. Oganda mwenyewe anaposikia wakubwa wananong'ona anadhani wanazungumzia posa. Anajua ukweli mwishoni, wakati kila kitu kimekwisha kupangwa.

Oganda anaanza safari ya kwenda ziwani peke yake. Karibu na ufuko, Osinda, kijana anayempenda, anamkimbilia. Anamfunika kwa vazi la majani wasionekane, wanatoroka pamoja. Na sasa sikieni mwisho wake: wakiwa wanatoroka, radi inapiga na mvua inanyesha kwa nguvu.

Mvua ilinyesha, na msichana hakufa.

Tunawaomba mlijadili neno hilo kwa muda mrefu. Watu wote walikuwa wameamini kwamba bila damu ya Oganda nchi itaangamia. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na njaa na hofu. Hofu ikiwa kubwa, watu hutafuta mtu mmoja wa kumpa mzigo wote, na mara nyingi huwa ni yule asiyeweza kukataa: binti, mjane, yatima, mgeni. Kisha wanamfanyia sherehe na kumsifu, ili wasisikie anavyolia.

Wale wanaosoma Biblia watakumbuka Yeftha katika kitabu cha Waamuzi. Aliweka nadhiri yeye, lakini aliyelipa ni binti yake. Kinywa kilikuwa cha baba, na uhai ulikuwa wa mtoto.

WAPAGAZI WASIO NA MAJINA

Mtu anaweza kusema: hizo ni hadithi. Haya, tuje kwenye historia iliyopita katika nchi yetu hii.

Mwezi wa Agosti 1914 vita vilianza Ulaya kati ya Waingereza na Wajerumani, na Septemba 1914 vilikuwa vimefika Kisii. Hatukuwa na ugomvi na Mjerumani. Lakini katika nchi isiyo na barabara jeshi lilihitaji watu wa kubeba chakula, risasi na majeruhi. Machifu waliamriwa walete wanaume. Wengine walikwenda kwa mshahara, lakini wengi walichukuliwa kwa nguvu, hasa baada ya vita kuhamia ndani ya nchi ambayo leo ni Tanzania na mahitaji ya wapagazi kuongezeka mwaka 1917. Chifu alipoambiwa alete watu kadhaa, mara nyingi waliochukuliwa ni wale wasio na mtu wa kuwatetea.

Nyanza ilitoa wapagazi wengi sana. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndipo likatoka jina la Kariakor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa. Wengi wao hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara, malaria, njaa na kuchoka. Nairobi kuna sanamu iliyowekwa miaka ya 1920 kuwakumbuka askari na wapagazi. Mmoja wa wale watu wa shaba ni mpagazi. Mpagazi huyo hana jina. Hata nyumbani kwetu, ni familia chache zinazoweza kutaja babu yao alizikwa wapi.

Serikali ya wakati ule iliwaita waaminifu. Tuulize: Nani alitoa? Je, aliulizwa? Nani alibaki na mzigo? Tunawaheshimu sana wazee wale. Waliteseka, na wengi walibebana wao kwa wao njiani. Huo ulikuwa ushujaa wa kweli. Lakini tusichanganye ushujaa wao na tendo la wale waliowachukua. Anayemtoa mwingine hana haki ya kusifiwa kwa kutoa.

BASI LA MANDERA

Mpaka hapa mtadhani tunasema kujitoa ni kubaya. Hapana. Sasa tutazame mtu aliyejitoa mwenyewe.

Novemba 2014, karibu na Mandera, magaidi wa Al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga wasiokuwa Waislamu, wakawaua watu 28. Wengi walikuwa wafanyakazi na walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, walisimamisha basi lingine la Mandera. Walitaka kufanya vile vile: Waislamu upande huu, Wakristo upande ule.

Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao. Wanawake waliwapa wanawake Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa ili wasitambulike. Ndani ya basi hilo alikuwamo Salah Farah, Mwislamu, naibu wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Yeye alikuwa na njia ya kuokoka. Hakutakiwa kufanya lolote ila kukaa upande wake na kunyamaza. Alikataa, akapigwa risasi. Alitibiwa karibu mwezi mzima, na tarehe 18 Januari 2016 alifariki Nairobi, akaacha mke na watoto. Baadaye Serikali ilimtunukia nishani.

Kisa hiki kimetengenezewa filamu fupi iitwayo Watu Wote, ya mwaka 2017. Ilitengenezwa na wanafunzi wa filamu kutoka Ujerumani, chini ya Katja Benrath, wakiwa na waigizaji wa Kenya. Wanaongea Kiswahili na Kisomali. Mwaka 2018 ilikuwa kati ya filamu zilizoshindania tuzo ya Oscar kule Marekani. Ni ya dakika 22 tu. Katika filamu, mwanamke Mkristo aitwaye Jua anapanda basi akiwa na uchungu, kwa maana mume na mtoto wake waliuawa. Hawataki Waislamu. Na ni hao hao wanaomficha. Kijana yeyote wa kikundi mwenye simu nzuri anaweza kuitafuta. Itazameni pamoja, halafu msizime simu na kwenda nyumbani. Kaeni muongee.

Sasa yale maswali. Nani alitoa? Salah Farah alitoa uhai wake mwenyewe. Je, angeweza kusema hapana? Ndiyo, tena kwa urahisi, na hakuna ambaye angejua. Hapo ndipo ushujaa ulipo.

Tuseme jambo moja zaidi. Siku hizi redioni maneno "kujitoa mhanga" yanatumiwa kwa watu wanaojilipua ili kuua wengine. Neno hilo limeibiwa. Mtu anayekufa ili wengine wafe hajajitoa kwa ajili ya mtu. Aliyejitoa ni yule aliyesimama katikati ili wengine waishi.

KIONGOZI ANAYETANGULIA

Mfano wa pili ni wa jirani zetu Uganda. Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 katika nchi ya Acholi. Waacholi na sisi tuna asili moja ya Kiluo, na anayejua Dholuo akienda Kitgum hatakosa la kusikia. Luwum alikuwa mwalimu, kisha kasisi, na mwaka 1974 akawa askofu mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda. Wakati huo Idi Amin alikuwa madarakani na watu walikuwa wakichukuliwa na kupotea. Mwezi wa Februari 1977 Luwum pamoja na maaskofu wenzake waliandika barua kwa Amin, wakilalamikia mauaji. Tarehe 16 Februari 1977 alikamatwa, na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Watu walijua waliuawa kwa risasi. Tangu mwaka 2015 siku hiyo ni sikukuu ya taifa Uganda.

Tunamtaja kwa jambo moja. Luwum hakumtuma kasisi mdogo wa kijijini apeleke malalamiko. Aliweka jina lake la kwanza. Angeweza kukimbia, kama wengi walivyokimbia, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikaa na watu wake.

Huo ndio uaminifu wa kiongozi. Labong'o katika hadithi alikuwa kiongozi, lakini aliyekwenda ziwani ni binti yake. Luwum alikuwa kiongozi, naye alikwenda mwenyewe. Wenyeviti, makatibu na wazee wa vijiji, tuipime njia yetu hapo.

TURUDI NDHIWA

Hapa kwetu hatukuwa na Al-Shabaab wala Amin. Lakini tulikuwa na ukame wetu, nao ni ugonjwa.

Mwaka 2012 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifanya utafiti hapa Ndhiwa, nyumba kwa nyumba. Ilionekana kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na virusi vya UKIMWI. Hata kabla ya utafiti huo tulijua, maana tulizika kila Ijumaa na Jumamosi. Hofu ilikuwa kubwa. Na hofu ilipokuwa kubwa, sisi pia tulimtafuta Oganda wetu.

Mara nyingi alikuwa mjane. Mume akifa ilisemwa mke ndiye aliyemmaliza. Au ilisemwa ni chira, mwiko umevunjwa, na ili boma lisipatwe na mabaya lazima mjane arithiwe, atake asitake. Aliambiwa: "Fanya kwa ajili ya nyumba hii. Usiwe mkaidi." Kwa njia hiyo akina mama wengi walipata virusi wakiwa hawana, au wakavipeleka kwa wengine. Waliambiwa wanajitolea kwa ajili ya ukoo. Kwa kweli walitolewa.

Hatusemi haya ili kuwatukana wazee. Kurithi mjane kulianza kama njia ya kumtunza asikose shamba na mlinzi. Ulikuwa ni uaminifu wa ndugu kwa ndugu yake aliyekufa. Lakini uaminifu usiomuuliza anayebeba mzigo umegeuka. Tena sasa sheria iko wazi: Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 inayolinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja kumlazimisha mjane arithiwe kuwa ni ukatili. Wako wajane kati yetu waliokataa, wakajenga, wakalima, wakasomesha watoto, na maboma yao yamesimama. Mvua ilinyesha.

Na mashujaa wetu ni akina nani? Ni wale waliosimama mapema kabisa, kanisani au kwenye baraza, wakasema: "Mimi nina virusi, ninameza dawa, niko hai." Wakati huo kusema hivyo kulikuwa ni kupoteza wateja sokoni, kupoteza marafiki, kuchekwa mtoni. Hakuna aliyewalazimisha. Walitoa kitu chao wenyewe, yaani jina lao na heshima yao, ili jirani apate moyo wa kwenda kupimwa. Ni wale wahudumu wa afya wa kijiji waliotembea kwa miguu kutoka boma hadi boma. Ni akina nyanya waliochukua wajukuu 4, 5 au 6 wakati walipostahili kupumzika.

Matunda yalionekana. Utafiti ulirudiwa mwaka 2018. Mwaka 2012, kati ya watu 10 wenye virusi hapa Ndhiwa, ni kama 4 tu ambao virusi vyao vilikuwa vimedhibitiwa. Mwaka 2018 walikuwa karibu 9 kati ya 10. Dawa zilifanya kazi, zahanati zilifanya kazi. Lakini mtu haendi zahanati kama anaogopa kuonekana. Ni wale waliotangulia kuonekana waliofungua njia.

UAMINIFU KWA WALIOJITOA

Limebaki swali la tatu: nani anabaki na mzigo?

Salah Farah aliacha watoto wanaohitaji karo. Wapagazi waliacha wake waliongoja na hawakuletewa habari. Nyanya anayelea wajukuu anasifiwa kila mazishi, na Jumatatu ni yeye peke yake shambani. Makofi hayalimi shamba. Kama tunamwita mtu shujaa, basi sisi tuliobaki tuna deni. Kulipa deni hilo ndiko kunakoitwa uaminifu.

Tumekwisha kuona vikundi vikifanya hivyo, na ni mambo ya kawaida tu. Kikundi kimoja kila msimu kinaanza palizi kwa nyanya wanaolea mayatima, ndipo wanachama waende kwao. Kingine kimeandika katika sheria zake kwamba mwanachama akiugua, pesa zake za mzunguko zitatunzwa na zamu yake haitarukwa. Hakuna sherehe hapo wala picha, lakini ndipo mtu anajua kwamba hakuachwa.

HATUA ZA KUCHUKUA

Tunapendekeza kila kikundi kijaribu mambo haya kwa miezi 3:

Moja. Kazi isipangiwe mtu ambaye hayuko mkutanoni. Kama ni lazima, atumwe mtu akamwulize kabla jina lake halijaandikwa.

Mbili. Daftari la kikundi liwe na ukurasa wa kazi na vitu, si wa pesa tu. Nani alipika, nani alileta kuni, nani alilala hospitalini na mgonjwa, nani alitoa baiskeli. Mwisho wa mwezi someni kwa sauti. Jina lile lile likitokea mara 3, mbadilishane.

Tatu. Mtu aruhusiwe kusema hapana bila kununiwa. Kujitoa ambako huwezi kukukataa si kujitoa.

Nne. Kiongozi anayesema "tujitolee" awe wa kwanza kuandikwa.

Tano. Aliyejitoa asirudishiwe makofi peke yake. Arudishiwe na siku zake: palizi, maji, kuni.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika hadithi ya Magere, je, yule msichana alikuwa msaliti au mwaminifu? Toeni sababu za pande zote mbili.
2. Kama ungekuwa Labong'o, ungewaambia nini watu wako?
3. Abiria wa lile basi walikuwa wa dini mbalimbali. Hapa kwetu tunatengana kwa mambo gani: ukoo, kanisa, siasa? Nani angesimama nawe siku ya kutengwa?
4. Katika kikundi chetu, ni nani ambaye huwa anatolewa? (Msimtaje kwanza. Kila mtu afikirie kimya, kisha mjiulize kama mwenyewe amewahi kuulizwa.)
5. Ni nani hapa kijijini amejitoa kweli, na tumemrudishia nini?

Na yule mama wa semina? Tulirudi. Safari ya pili tulikwenda wiki moja kabla, tukakaa na kikundi tukapanga pamoja. Tuliuliza kwanza: "Nani anaweza kupika, na kila mtu ataleta nini?" Watu 6 waliinua mkono, wawili kati yao wanaume. Kuni zilitoka katika nyumba 10. Yeye alikuja kukaa kwenye kiti kama wanasemina wengine, daftari mkononi. Siku ya mwisho aliinuka mwenyewe akasema, "Leo nitapika mimi." Akapika.

Siku hiyo hatukumpigia makofi. Tulikula, kisha tukaosha vyombo.